Mchungaji wangu anasema uchungaji haufundishwi kwenye simu

Mpendwa Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni muuguzi, nina mume na watoto wawili ambao bado wanasoma. Kanisani nimekuwa mhubiri mlei kwa miaka mingi. Naongoza ibada mchungaji anapokuwa hayupo, nafundisha darasa la kipaimara, na mara nyingi naitwa kukaa na familia zilizofiwa. Mwaka jana wazee wa kanisa waliniita wakaniambia wanaona nina wito wa uchungaji, na kwamba wako tayari kunipendekeza. Nilishindwa kusema neno, nililia tu.

Tatizo ni kwamba chuo cha theolojia cha kanisa letu ni cha bweni, na masomo yanachukua miaka mitatu au zaidi. Siwezi kwenda. Mshahara wangu ndio unaoibeba nyumba, kazi ya mume wangu haina uhakika, na mama mkwe anaishi nasi akiwa mgonjwa. Ndipo nikaanza kutafuta masomo ya mtandaoni.

Nimepata manne. La kwanza linaahidi shahada ndani ya miezi sita kwa sababu "uzoefu wangu wa huduma" utahesabiwa, na nikiongeza pesa kidogo napewa udaktari wa heshima. La pili ni la chuo kikuu kinachojulikana, lakini vipindi ni vya moja kwa moja, jioni, na mimi huwa nina zamu za usiku. La tatu ni video za bure, unasoma kwa kasi yako, hakuna mwalimu wala mtihani. La nne ni stashahada: unasoma mwenyewe, unatuma kazi kwa mkufunzi, na kila mwezi wanafunzi wanaoishi karibu karibu wanakutana na mchungaji mlezi.

Nilipomweleza mchungaji wangu, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Uchungaji haufundishwi kwenye simu. Ukitaka kuwa mchungaji, nenda chuoni kama tulivyokwenda sisi." Sikumjibu, maana namheshimu. Mume wangu yeye ananiunga mkono, ila ameuliza swali moja ambalo sina jibu lake: "Ukishamaliza, watakubariki kuwa mchungaji?"

Na nikiwa zamu, wodi ikishatulia, najiuliza jambo ambalo sijamwambia mtu. Hivi nautaka uchungaji kwa sababu Mungu ameniita, au kwa sababu nimechoka kuitwa msaidizi?

Nianze, au nisubiri watoto wakue?

Mama wa Zamu

*

Mama wa Zamu, asifiwe Bwana.

Naanza na mume wako, kwa sababu ameuliza swali ambalo matangazo ya vyuo hayakuulizi. Chuo kinatoa cheti. Kanisa ndilo linaloweka mikono. Hizo ni mamlaka mbili tofauti, na watu wengi wanaosomea huduma mtandaoni huumizwa na jambo hili hili: walishughulika na moja wakidhani nyingine itafuata yenyewe. Mtu anasoma miaka minne kwa taabu, anapeleka cheti kwa askofu, anaambiwa chuo hicho hatukitambui. Au anaambiwa tunakitambua, lakini ukae kwanza mwaka mmoja chuoni kwetu ujifunze liturujia na katiba ya kanisa. Hakuna aliyemdanganya. Hakuuliza tu.

Na majibu hayafanani kati ya kanisa na kanisa. Katika Kanisa Katoliki, sheria ya kanisa, kanuni ya 235, inataka anayeandaliwa kuwa padri akae seminari kuu, na hata askofu akiona mazingira yanalazimisha kupunguza, isipungue miaka minne. Huko mtandao hauwezi kuchukua nafasi ya seminari, ingawa mlei anayetaka kuwa katekista bora anaweza kunufaika nao sana. Wamethodisti wa United Methodist wana mpango wa kozi 20 kwa ajili ya wachungaji wenye leseni ambao tayari wanahudumia sharika, yaani mtu anasoma huku kazi inaendelea. Makanisa mengi ya Kipentekoste hutazama kwanza matunda ya huduma yako, kisha ndiyo wanauliza umesoma nini. Kwa hiyo mtu akikuambia "masomo ya mtandaoni yanakubalika" au "hayakubaliki", muulize: na nani?

Andika barua kwa askofu kupitia mchungaji wako, na wazee waiunge mkono. Usiulize tu kama masomo ya mtandaoni yanaruhusiwa, maana swali la namna hiyo hujibiwa kwa neno moja, na mara nyingi neno hilo ni hapana. Uliza ni vyuo gani vinatambuliwa, na kwa ngazi gani: astashahada, stashahada au shahada. Uliza kama kuna muda wa lazima wa kukaa chuoni, na kama unaweza kugawanywa katika wiki chache chache za likizo yako. Halafu uliza jambo ambalo naona limekupita kabisa: je, kanisa lenu linawabariki watu wanaobaki na kazi zao? Yapo makanisa yenye wachungaji na mashemasi wanaoishi kwa taaluma zao na kuhudumu bila mshahara wa kanisa. Paulo alishona mahema Korintho katika nyumba ya Akila na Prisila. Kama jibu ni ndiyo, hofu yako ya mshahara inabadilika sura yote, na aina ya masomo unayoyahitaji nayo inabadilika. Jibu lolote utakalopewa, liwe la maandishi. Viongozi hubadilika, na ahadi ya mdomo huondoka na aliyeitoa.

Sasa mchungaji wako. Usimwone adui, na usikimbilie kumthibitishia kwamba amepitwa na wakati. Anachokisema kina uzito. Bwenini mtu anaonekana. Waalimu wanamwona akiwa amechoka, akiwa amekasirishwa na mwenzake wa chumba, akiwa amefeli mtihani, akiwa hana hamu ya kusali. Anajifunza kusamehe watu ambao hakuwachagua, na hiyo ndiyo kazi atakayoifanya usharikani maisha yake yote. Mtandaoni unaweza kuandika insha nzuri juu ya unyenyekevu na pasiwepo hata mtu mmoja anayejua unavyozungumza na walio chini yako kazini. Mchungaji anayekuwekea pingamizi hili anajua kitu, na wewe unatakiwa uwe na jibu la maisha, si la maneno.

Lakini asikuambie kwamba bweni ndiyo njia pekee ambayo kanisa limewahi kuijua. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulipoagiza mwaka 1563 kwamba kila jimbo lianzishe seminari, Ukristo ulikuwa na karne kumi na tano tayari. Kabla ya hapo wengi walijifunza huduma kwa kukaa chini ya padri aliyewatangulia. Nyuma zaidi, Apolo, msomi wa Maandiko, alichukuliwa nyumbani na Prisila na Akila wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hao walikuwa mume na mke, mafundi wa mahema, na darasa lao lilikuwa sebuleni. Na sehemu kubwa ya tunachokiita Agano Jipya ni barua, yaani mafundisho yaliyotumwa mbali kwa watu ambao mwalimu hakuweza kuwafikia kwa mwili.

Hata hili la kusoma theolojia bila kuhama nyumbani lina umri mkubwa kuliko intaneti. Chuo Kikuu cha London kilianza mwaka 1858 kuwatahini watu waliosomea mahali pengine. Kisha mwaka 1963, huko Guatemala, seminari ya Wapresbiteri ilianza jambo ambalo lilienea duniani kote. Waligundua kwamba vijana waliopelekwa mjini kusomea uchungaji hawakurudi kwa urahisi kwenye sharika za vijijini, na wale ambao sharika zenyewe ziliwaona kuwa viongozi, watu wazima wenye familia na mashamba, hawakuweza kwenda seminari. Basi badala ya kuwang'oa watu wale, waliwapelekea masomo. Mwanafunzi alisoma nyumbani, akaendelea na huduma yake, na kila wiki akakutana na mwalimu na wenzake. Waliokuja kuueleza mpango huo waliufananisha na uzio wa mbao: ubao mmoja ni masomo, ubao wa pili ni huduma, na nguzo zinazoshika mbao hizo mbili ni vile vikao. Ukitoa nguzo, mbao zinalala chini.

Soma tena barua yako, Mama wa Zamu. Wewe ndiye yule mtu ambaye Guatemala ilimfikiria. Wazee wamekuona, usharika unakujua, familia zilizofiwa zinakuita. Hujatoka nje ya huduma ili uisomee.

Kwa hiyo nikiyatazama masomo yako manne, sitazami teknolojia. Natafuta nguzo. La kwanza achana nalo leo. Shahada ya miezi sita kwa uzoefu wa maisha, na udaktari wa heshima wa kununua, huo ni uuzaji wa vyeti, na cheti cha namna hiyo kitakuharibia jina hata mbele ya watu wanaokupenda. Chuo kinaweza kuwa na tovuti nzuri, nembo na picha za mahafali, na bado kisiwe na ithibati yoyote. Hata neno "tumethibitishwa" halitoshi, kwa sababu wapo waliojiundia chombo chao wenyewe cha kujithibitisha. Usiangalie orodha kwenye tovuti ya chuo. Nenda kwenye orodha ya mamlaka ya elimu ya juu ya nchi chuo kilikosajiliwa, au ya jumuiya ya vyuo vya theolojia inayojulikana, kama ACTEA iliyoanza mwaka 1976 kwa ajili ya Afrika, au ATS ya Marekani na Kanada, ukatafute jina la chuo huko. Hiyo ATS, mchungaji wako apende kujua, kwa miaka mingi ilitaka anayesomea shahada ya uzamili ya uchungaji atimize walau mwaka mmoja akiwa chuoni. Mwaka 2012 ilianza kuwapa vyuo nafasi ya kuomba sharti hilo lilegezwe, na viwango vyake vipya ni vya mwaka 2020. Hawakufanya hivyo kwa pupa.

La pili, la chuo kikuu, usiliache kwa sababu ya ratiba peke yake. Waandikie uwaulize kama vipindi vinarekodiwa, na kama mahudhurio ya moja kwa moja yanahesabiwa kwenye alama. Ukijibiwa kwamba yanahesabiwa, basi halikufai kwa sasa. Muuguzi hawezi kuahidi jioni zake.

La tatu, la video za bure, ni zuri kwa jambo moja. Likupime. Tazama somo zima la utangulizi wa Agano la Kale kabla hujalipa ada popote. Ukiona huwezi kulimaliza peke yako, umejifunza kitu muhimu kuhusu nafsi yako bila gharama. Ila usilihesabu kama maandalizi ya uchungaji. Hakuna anayekusahihisha hapo, na mhubiri asiyesahihishwa ni hatari kwa watu wake.

La nne ndilo lenye nguzo. Mkufunzi anasoma kazi zako, mchungaji mlezi anakuona uso kwa uso, na wenzako wa eneo moja ni watu ambao hukuwachagua. Kama askofu anakitambua chuo hicho, hilo ndilo ningekushauri. Na hapa una nafasi ambayo usiipoteze: mwombe mchungaji wako awe mlezi wako. Mwambie waziwazi kwamba umesikia hofu yake, kwamba simu haitakulea, na ndiyo sababu unamwomba yeye akulee. Akae nyuma kanisani unapohubiri na akuambie ukweli baadaye. Akuchukue anapokwenda kupatanisha watu. Akikataa, omba mwingine kwa idhini yake. Akikubali, utakuwa umepata kitu ambacho wanafunzi wengi wa bweni hawakipati mpaka wamalize chuo.

Sasa hesabu ya saa, maana hapa ndipo familia huumia. Katika mfumo wa vyuo vya Ulaya, alama moja ya masomo huhesabiwa kuwa kazi ya saa 25 hadi 30, na mwaka kamili ni alama 60. Nchi nyingine zina mifumo yake, lakini uliza hesabu ya namna hiyo popote unapojiandikisha. Kozi moja ndogo ya alama 5 ni saa 125 hadi 150. Ukiisambaza kwa wiki 15, inakuwa saa nane hadi kumi kila wiki. Kozi mbili kwa pamoja ni kama kujiongezea nusu ya kazi nyingine. Wewe una zamu, watoto, mgonjwa nyumbani na usharika. Anza na kozi moja, na uache jukumu moja kanisani kwa kipindi hicho. Najua hilo litakuuma kuliko lolote nililosema. Wazee waliokupendekeza wanapaswa kulibeba: wampe mtu mwingine darasa la kipaimara mwaka huu, na kama usharika una uwezo, uchangie ada na gharama ya intaneti. Kanisa likisema "tunaona una wito" halafu likakuachia gharama zote, limeishia kusema tu. Waambie hivyo kwa upole, lakini waambie.

Mtandao usipokuwa wa kutegemea, uliza kama masomo yanaweza kupakuliwa ukasoma bila kuunganishwa. Programu ya STEP Bible kutoka Tyndale House, kituo cha utafiti wa Biblia huko Cambridge, Uingereza, ni ya bure, ina maandiko ya Kiyunani na Kiebrania, na inaweza kuwekwa kwenye kompyuta ikatumika bila intaneti. Kuhusu programu za akili bandia zinazoandika insha na mahubiri, nitasema jambo moja tu. Watu wanaokaa mbele yako msibani wanastahili neno ambalo limepita ndani yako.

Kuna hatari nyingine ambayo wewe, kama muuguzi, utakutana nayo mapema. Masomo ya huduma ya kichungaji yatakutaka uandike juu ya mazungumzo halisi uliyokuwa nayo na mtu mwenye shida, na wanafunzi wenzako watayajadili. Darasani maneno yanaweza kubaki ukutani. Mtandaoni yanahifadhiwa, yanaweza kunakiliwa, yanaweza kutumwa. Usiandike kamwe habari za mgonjwa wa wodini kwako, hata ukibadilisha jina. Kwa habari za usharikani, omba ruhusa ya mhusika, ubadilishe kila kinachoweza kumtambulisha, na muulize mkufunzi nani ana uwezo wa kusoma na kwa muda gani. Kama hawana jibu, hilo nalo linakueleza kitu kuhusu chuo.

Nimeacha lile swali la wodini mwisho kwa sababu ndilo linalohitaji utulivu. Unauliza kama ni Mungu au ni uchovu wa kuitwa msaidizi. Inawezekana ni vyote viwili, na kimoja hakifuti kingine. Mtu anayefanya kazi ya kichungaji kwa miaka bila kutambuliwa ana haki ya kuchoka. Lakini kanisa nalo lina kosa la zamani la kumfanya mlei ajione kuwa ni mchungaji nusu, kana kwamba ubatizo ni ngazi ya chini na daraja takatifu ndiyo safari yenyewe. Sikubaliani na hilo hata kidogo. Kuna huduma unayoweza kuifanya wodini, ukiwa muuguzi aliyesoma theolojia vizuri, ambayo mchungaji hapewi nafasi ya kuifanya, kwa sababu yeye anafika wakati wa kutembelea wagonjwa na wewe uko pale mtu anapoamka na hofu katikati ya usiku.

Jiulize hivi: kama askofu angesema leo kwamba hutabarikiwa kamwe, bado ungependa kusoma? Kama ndiyo, anza, maana masomo hayo yana kazi hata bila kola. Kama hapana, usianze bado. Kaa kwanza na mtu mwenye hekima, asiye mume wako wala mzee wa kanisa lako, umweleze huo uchovu wote kama ulivyonieleza mimi.

Kuhusu watoto, usisubiri wakue. Wakikua, mama mkwe au kazi au mwili wako utakuwa na dai lingine. Subiri jibu la askofu tu, na wakati unalisubiri, maliza zile video za Agano la Kale, mume wako akiwa amekubali ni jioni zipi za wiki ni zako. Jibu likija, niandikie limesemaje kuhusu muda wa lazima wa kukaa chuoni. Hapo ndipo wengi hukwama, na kuna namna za kuomba muda huo ugawanywe ambazo tunaweza kuziandikia barua pamoja.